Baba Ameandika kwa Kidole Kimoja

Mtaa wa Gradinska,
Vidin, Bulgaria.
Jumapili, 16 Februari 2003

Mpendwa Shangazi Nevena,

Mgongo unaendeleaje, na bado theluji ya Toronto inakufungia ndani? Sisi huku tu wazima, ila mimi situlii. Kila nikiandika sentensi mbili nainuka kuchungulia dirishani.

Unajua kwamba tangu apatwe na kiharusi, baba hasemi. Basi kaka Rumen amempatia nafasi katika nyumba ya wazee. "Radka, baba amebaki mwili tu," aliniambia kwa simu. "Mama anachoka. Jumapili nakuja kumchukua." Mama hakupinga. Alipanga nguo za baba mkobani huku akimpa mgongo.

Lakini mimi humtazama machoni, Shangazi. Yule mtu anasikia kila kitu.

Nikaihamishia kompyuta yangu chumbani kwake. Kipanya hakikufaa, mkono unatetemeka, mshale unarukaruka. Nikatafuta programu ya barua pepe ya maandishi matupu, meupe kwenye skrini nyeusi. Unabonyeza herufi moja kuandika, nyingine kutuma. Kuiweka kulinitoa jasho! Mara seva ikatae neno la siri, mara herufi zetu zote za Kibulgaria zigeuke alama za kuuliza. Na mama anafoka: "Umeshika laini ya simu mchana kutwa! Dada yangu akifa nitajuaje?" Kumbe mstari mmoja kwenye mipangilio ulikuwa unataja herufi za Kilatini. Nikaubadilisha, nikamwekea baba kidole cha mkono wa kushoto kwenye kibodi.

Aliandika hadi supu yake ikapoa. Alipomaliza nikasoma: "Rumen, siendi. Akili ninayo. Baba."

Tukamtumia Rumen, naye akapiga simu amewaka. "Huna haya wewe! Unaandika kwa jina la mgonjwa?"

"Muulize mwenyewe."

"Haya. Siku tuliyomzika mbwa wetu Sharo, mimi na baba tulikuwa wawili tu mtoni. Aliniambia nini?"

Nikakata simu ili modemu ya kompyuta ipate laini, nikamwuliza baba swali hilo. Baba akachapa, akafuta, akaanza upya. Jasho lilimtiririka, nikataka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Aliandika: "Sikusema kitu. Tulilia wote wawili. Ukaniomba nisimwambie mama yako."

Tukaituma kwa Rumen. Tangu siku hiyo kimya, wala sijui leo anakuja na moyo gani.

Nilikuwa nimeacha kalamu kidogo, Shangazi; Rumen amefika. Aliingia na koti lake, akaketi kitandani kwa baba, akamshika ule mkono unaotetemeka. Mama akamwonyesha mkoba. Rumen akaufungua, akaanza kurudisha mashati kabatini, ovyo ovyo, bila kuyakunja. "Tungoje hadi kiangazi, tuone," akasema. Hadi kiangazi tu.

Anwani ya baba ya barua pepe nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwandikie, tena mapema. Usimsemeshe kama mtoto mchanga. Akichelewa kujibu usiwe na hofu, anatafuta herufi. Sasa hivi ametufukuza sote chumbani, nasikia kibodi ikigongwa, kimya, ikigongwa tena.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie mjomba Yosif na Galina. Mungu awalinde na baridi hiyo.

Binti wa kaka yako akupendaye daima,
Radka