Sauti Yangu Katikati ya Mkutano wa Mjukuu

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimeaibika mpaka nimejifungia jikoni.

Si unamjua mjukuu wangu aliyeacha kazi ya utumishi, kusimamia mambo ya wafanyakazi, kwenye ile kampuni kubwa, awe mshauri wa kujitegemea wa mambo hayo hayo? Na daktari alishamwambia ana ADHD. Akili inaruka kama panzi: anakaa kuandika barua pepe, mara unamkuta anafua mapazia.

Basi akaniomba nimrekodie kengele ya simu kwa sauti yangu, eti ndiyo pekee anayoitii.

Leo alikuwa na mteja wake wa kwanza, mwenye kiwanda, wanaonana kwa video. Akimkosa huyu, anarudi kuajiriwa. Anaeleza vizuri, mimi nimejibanza mlangoni nasikiliza. Saa nne kamili simu ikapayuka:

"Wewe mtoto! Hayo mapazia yamekukosea nini? Rudi mezani!"

Mapazia, mwenzangu! Mbele ya mwenye kiwanda!

Yule bwana akauliza, "Huyo nani?"

"Bibi yangu," mjukuu akajibu. "Nina ADHD. Yeye ndiye kengele yangu."

Nikasema moyoni, kwisha habari yake.

Bwana akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Nina karani wa stoo wa hivyo hivyo. Nilipanga kumfukuza Jumatatu. Njoo kabla, unifundishe namna ya kufanya naye kazi."

Kapata kazi! Kapata!

Haya, kitendawili: meneja gani hana ofisi wala mshahara, na anafokea watu akiwa kajificha jikoni? Ukishindwa, nipe mji.