Ng'ombe Hawana pa Kugeukia

Mama, shikamoo. Nipo Mitundu kwa kaka yako, nalishwa ugali wa mtama na mlenda mpaka basi.

Mjomba ameuza ng'ombe wake wa plau. Shamba aliwagawia wanawe tisa, likabaki vipande vyembamba. Ng'ombe wakigeuka wanakanyaga mtama wa ndugu mwingine, na ndugu wanashikiana mapanga. Jana nesi alikuja kuhimiza uzazi wa mpango. Mjomba akampa kiti, akamwambia, "Umechelewa, binti yangu."

Leo naaga, akanivuta pembeni: "Mwambie dada anitafutie pa kuzikwa kwake Mandewa. Hapa kaburi langu litawagombanisha."

Nimemkubalia bila kukuuliza. Ule vizuri, mama, na tafadhali usipande kitu pale nyuma ya nyumba.

Mwanao