Kibofu cha Baba, Sigara Yangu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimepanda nyumbani mlimani kwa ajili ya shukrani ya Baba kanisani. Damu kwenye mkojo imekwisha! Vidonge vya kichocho hivyo, anasema Mama. Ujanani Baba alilima mpunga kule tambarare, miguu kwenye maji kutwa, basi kila mtu akasema kichocho na hakuna aliyepima. Leo Baba katoa mkungu wa ndizi, ukanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Baba Mkubwa Eliamani akang'ang'ana mpaka akaupata yeye. Wamerudi wanacheka, wakakaa kibarazani, wakawasha sigara. Wanachangia pakiti moja toka ujana wao, hawa wawili.

Mimi na yangu nikaenda nyuma ya zizi. Peke yangu, kama kawaida. Msichana na sigara huku mlimani — bora wakukute umeiba.

Alhamisi, 21 Agosti

Damu imerudi. Mama kapiga simu, ananong'ona kama vile majirani wako ndani ya laini.

Nimeacha simu ya mteja wazi kwenye meza yangu ya ufundi, skrubu zote nje, nikaanza kusoma. Kumbe damu ya namna hii inaweza kuja na kuondoka yenyewe! Vidonge huenda havikufanya kitu. Na sisi tumeshanadi ndizi.

Kaka Calvin yuko Dar, nikampigia. Kasema niache udaktari wa YouTube, nitengeneze simu. Sawa. Kesho namshusha Baba hospitali, atake asitake.

Jumatatu, 8 Septemba

Saratani ya kibofu. Haijaingia kwenye msuli, wataikwangua.

Baba aliuliza kitu kimoja tu: kaka yake anavuta kumzidi na ni mzima, mbona yeye? Daktari akasema miili haifanani. Kuna watu wamezaliwa hivyo, mwili wao unaivunja sumu ya sigara polepole, inashuka na mkojo, inakaa kibofuni. Wote wanaovuta wako hatarini, ila hao zaidi. Huenda Baba ni mmoja wao. Huenda Baba Mkubwa ana bahati tu. Inarithiwa hiyo, akasema. Akatugeukia: watoto je, kuna anayevuta?

Mama hakumwacha amalize. "Wanangu hawa? Hata kiberiti chake hawakijui."

Pakiti ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaangalia ukuta. Baba akaangalia viatu vyake.

Jumanne, 9 Septemba

Pua ya Baba ninayo. Haraka zake ninazo. Na hii ya sumu je? Daktari alisema hahitaji kumpima mtu, dawa ni kutovuta. Hapana, hakuniambia mimi. Alimwambia Mama, mimi nikasikiliza kama mgeni.

Nimesoma yote hayo nikiwa navuta! Mkono unaenda wenyewe. Nikiiacha, chumbani humu mjini nitabaki na nani?

Jumamosi, 13 Septemba

Baba analazwa Jumatano. Baba Mkubwa kaja kumwona, akaenda kuvutia mbali, shambani kwenye kahawa, kampa mdogo wake mgongo. Aibu ya mtu mzima.

Nikakimbilia nyuma ya zizi. Nimevuta mara moja tu — Baba huyu hapa, na koti lake zito! Nikaitupa.

"Izime vizuri, majani makavu hayo."

Akakaa kwenye gogo. Akasema harufu anaisikia toka niko form four. Alinyamaza kwa sababu yeye ndiye alikuwa akinituma dukani kumnunulia, nikiwa mtoto. Kwa daktari alingoja niseme.

Akanyoosha mkono. Nikampa pakiti, nikijua ataitupa kwa ng'ombe. Akatoa moja, akaitia mdomoni.

"Tuvute hii wote wawili, Aika. Halafu tuache wote wawili. Sitaki kuacha peke yangu."

Nikasema ngoja nikalete kiberiti jikoni.

Niko chumbani naandika. Dirishani namwona, bado yuko kwenye gogo, sigara mdomoni, haijawashwa. Sasa anageuka kuangalia mlango.

Kiberiti ninacho mfukoni. Tukiiwasha hiyo, ndiyo ya mwisho.