Singe ya Merv Juu ya Redio

Jumatatu, 13 Aprili 1987

Miaka sitini na saba, na sijawahi kusema uongo hata mmoja kuhusu chuma cha Kijapani. Uliza mtu yeyote hapa Gympie! Wakusanyaji wanatoka mpaka Brisbane, bunduki zimefungwa kwenye mablanketi kama vichanga, nami nageuza, napangusa, nasoma. Miduara minne iliyoshikana — kiwanda cha Kokura. Alama kama samaki wawili wanaofukuzana — Nagoya. Na lile ua la mfalme wao juu ya mtutu, likiwa limesagwa, basi bunduki ilikabidhiwa vita vilipokwisha. Hakuna shujaa aliyeipokonya, bwana, rudi nyumbani ukamwambie mkeo. Wanaume wazima wametoka kwangu wamenuna wiki nzima.

Noelene kapiga simu. Binti wa marehemu kaka yangu, Merv. Anataka singe ya baba yake, kile kisu cha mdomoni mwa bunduki, iwekwe kwenye kabati la kioo pale klabu ya maveterani, Siku ya Anzac, ya kuwakumbuka askari wetu, Jumamosi ya wiki ijayo. Pamoja na kadi ya maelezo. Kadi huandikwa na Kev Jorgensen, aliyekuwa mchinja nyama, maana yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

— Bamdogo, unanisikia?

Nikasema natafuna biskuti. Sikuwa na biskuti.

Jumanne, 14 Aprili

Haya. Uongo mmoja.

Merv alikufa vitani Johor, Januari 1942. Hawakupata hata kifungo cha shati lake. Noelene alikuwa na miezi minane. Mimi nilikuwa mpishi wa jeshi — vita vyangu vyote nilipigana na viazi. Septemba 1945 niko Rabaul, Wajapani wamekwisha kusalimu amri, singe zao zimerundikwa kama kuni. Nikampa mlinzi pakiti ya sigara, nikachagua moja. Ukumbusho tu.

Nikafika nyumbani. Mama akafungua mlango, akatazama nyuma yangu. Nyuma yangu! Kuona kama kuna mwingine anakuja.

Mdomo ukasema wenyewe. Mama, Merv alimpokonya Mjapani hii. Rafiki yake aliificha kambini kwa wafungwa miaka yote hii, kanipa nikuletee.

Akaiweka juu ya redio. Kila Jumapili mafuta ya cherehani na kitambaa, miaka ishirini na sita, mpaka alipokufa, ikaenda kwa Noelene. "Merv wangu," anaiambia. Nilileta mimi, kashukuriwa Merv. Picha yangu na aproni ya jeshi ilikaa kwenye droo, chini ya vijiko.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Samaki. Mifupa mingi kuliko nyama.

Watu hudhani nayapenda haya mambo ya alama. Nilijifunza kwa woga! Mwaka 1958 nilinunua kitabu cha silaha, nikakisoma kwa kidole — shule niliiacha na miaka kumi na miwili — ili nijue kama uongo wangu utasimama. Haukusimama. Singe za mwanzo zina kulabu kwenye kikingio cha mkono, na mfereji mrefu ubavuni mwa kisu. Ya kwetu kikingio kimenyooka kama rula, mfereji hakuna, mpini ni gogo tu lililochongwa na mlevi. Ni ya mwishoni kabisa, 1944 au 45, chuma kimewaishia na muda umewaishia.

Merv alikuwa kaburini miaka miwili, kama alipata kaburi, kabla haijatoka kiwandani.

Na nani aliyechagua? Mimi! Katika mamia yaliyorundikwa, zilikuwapo zenye kulabu, nzuri, kuukuu. Nikachukua ambayo haikuwa na kutu.

Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili

Nimewaza kuibadilisha. Kev anazo tatu zenye kulabu. Lakini Noelene akiwa na miaka saba alichora N kwenye mpini kwa msumari, na Mama akamchapa. Ataitafuta hiyo N kwanza.

Nimewaza pia kusema kweli. Kwa nini nisiseme? Yangu! Niliivusha bahari, nikatapika nayo njia nzima. Nikaenda kwake mchana nimejaa maneno. Alikuwa anapiga pasi gauni la Jumamosi. Akasema bila kuinua kichwa kwamba sauti ya baba yake haijui, harufu yake haijui, anacho hicho kisu tu.

— Ulikuwa unataka kusema nini, Bamdogo?

— Gauni linakunenepesha.

Akanirushia taulo. Nikarudi nikamtukana mbwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemkuta Kev klabuni.

— Mzee wa viazi! Kesho naja kwako na lenzi. Noelene ataileta.

— Lenzi ya nini? Andika kadi, uende zako.

— Sitii kitu kabatini bila kukisoma. Ningekuwa mtu wa kuamini hadithi, ningekuwa padri.

Ndivyo alivyo. Mwaka juzi aliitoa singe ya marehemu baba yake Stan Tulloch kabatini, mbele ya watu, kwa sababu tu namba ya kiwandani haikulingana na hadithi. Stan hajakanyaga klabu tena.

Lakini Kev ana deni langu. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya silaha, alikuja na bunduki yenye ua la mfalme zima. Ua zima maana yake imetekwa vitani, na Kev alitembea nayo kama bwana harusi. Nikaitazama mara moja. Nikamvuta chooni.

— Kev, umehesabu petali za ua?

— Kumi na sita, kila mtu anajua.

— Hesabu.

Akahesabu kwa ukucha, mara mbili. Kumi na saba! Mjanja fulani alilichonga upya juu ya lililosagwa, akazidisha. Kev akawa mweupe kama mafuta ya kondoo. Akaifunga blanketi, akawaambia wale wa Brisbane tumbo linamsokota. Sijamwambia mtu. Aliniambia siku ile: Clarrie, siku ukiwa na njaa, nidai.

Ijumaa, 24 Aprili

Wako barazani. Mimi niko jikoni, nachemsha maji, naandika juu ya friji.

Noelene hakumngoja Kev aandike, kaja na kadi imekwisha kupigwa taipu: "Ilipokonywa na Koplo M. Hobday, Johor, Januari 1942." Inasubiri sahihi ya Kev tu. Kev kaigeuza singe mara moja. Kapitisha kidole kwenye kikingio — kimenyooka. Kapapasa ubavu — hakuna mfereji. Hakuhitaji hata lenzi. Kavua miwani, kanitazama mimi, si Noelene.

— Vipi, mjomba Kev? Imetoka wapi?

— Nagoya.

— Mwaka gani?

— Ngoja, mwanangu. Macho haya yanataka chai kwanza.

Namsikia anakohoa. Namsikia Noelene anamwonyesha ile N, anacheka. Birika limeanza kupiga mluzi. Nachana ukurasa huu, nauweka chini ya sahani yake ya biskuti.

Kev. Petali kumi na saba. Leo nina njaa. Tia sahihi, tarehe usiiguse. Halafu kitu kimoja kidogo: pale chini kabisa, kwa kalamu yako, herufi ndogo hata zisisomeke bila lenzi, ongeza: "Ililetwa nyumbani na mdogo wake."