Supu ya Mgonjwa

Baba Nzilani,

Chai iko kwenye themosi. Mahindi ya muthokoi yako motoni na hayajaiva, songeza kuni. Fungulia mbuzi kabla jua halijawa kali. Nzilani asiende shule bila sweta, bado anakohoa.

Mimi napelekwa hospitali na Gicheru wa duka, kwa pikapu yake. Ulipokuwa ukimsindikiza pasta stendi ya Kabati, tumbo lilinishika tena, nikatapika mpaka nikaanguka hapo mlangoni. Lakini usijali. Pasta mzima hivyo angepandaje basi peke yake?

Daktari alisema nisiguse mafuta mpaka anipasue, atoe yale mawe yaliyoziba mrija wa nyongo. Jana nilikukumbusha, pole pole, wageni wasisikie. Ukasema watu wa kanisa wamechinja mbuzi kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa akikataa supu wewe utaaibika. Basi nikanywa bakuli zima, mafuta yakielea juu. Leo macho yangu ni ya manjano kama kiini cha yai, lakini wageni walienda wakifurahi. Hongera.

~~Usije hospitali.~~ Njoo, na uniletee leso yangu ya kijani. Nafikiri watanipasua leo, na naogopa.

Supu iliyobaki iko kwenye sufuria nyeusi. Imalize wewe, waliochinja wasiudhike.

Na nisiporudi, wageni watakuja wengi kuliko wa jana. Hao uwape chai tu.

Mama Nzilani