Maziwa ya Mzee Katabaro

Jumapili, 31 Julai 1938. Isingiro.
Nimegonga kengele mara mbili kama kawaida. Waliokuja: Ana mke wangu, na mimi niliyegonga. Nimehubiri nusu saa. Ana alisinzia. Simlaumu, hata mimi nilikuwa nusu usingizini. Mwaka wa pili huu tangu nitumwe kutoka Rugera, mwalimu wa kanisa, kuwahubiria wafugaji hawa. Hajabatizwa hata mmoja. Natwanga maji kinuni.

Jumanne, 2 Agosti
Jua kali. Nimepita maboma manne. Wanaitikia salamu, wananipa kahawa ya kutafuna, kisha kila mtu anakumbuka ana kazi. Maziwa hawanipi. Sababu naijua. Leo niiandike, nisiendelee kujidanganya.

Hapa aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo. Wanaamini ng'ombe atadhurika. Mwiko huu naujua tangu utoto. Lakini mwaka jana nilijifanya shujaa. Mzee Katabaro alinikaribisha kwake, akanipa maziwa. Nikatoa maharage ya kuchemsha mfukoni, nikala na kunywa pamoja mbele ya watu wake, waone kuwa Mungu ana nguvu kuliko mwiko. Nilicheka pia. Wiki ya tatu ng'ombe aliyetoa maziwa yale akafa. Ugonjwa tu, hata bondeni walikufa wengine. Lakini nani atanisikia? Tangu hapo kanisa ni tupu.

Ijumaa, 5 Agosti
Sijaomba tangu Jumatano. Sioni tofauti. Hilo lingenitisha kama ningekuwa na nguvu za kuogopa.

Nimemwandikia Mchungaji aliyenituma huku, anirudishe Rugera. Sababu nimetaja moja: sifai.

Jumatano, 10 Agosti
Jibu limekuja. Wapagazi wawili watafika Jumatatu kuchukua mizigo. Mchungaji hakunigombeza. Bora angenigombeza. Ana amefunga vyungu kwa kamba za migomba.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimeandika majina ya watu wa kuaga. Nilipofika kwenye jina la Katabaro, mkono ukasita.

Miaka miwili nawahubiria toba. Mimi mwenyewe sijatubu mbele ya mtu yeyote hapa. Mzee wa watu alinipa maziwa, nami nikamcheka nyumbani kwake. Siku ile sikumhubiri Mungu. Nilijihubiri mimi. Nimeona aibu. Ni kitu cha kwanza kunigusa moyo tangu masika.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimekwenda kwa Katabaro kabla ng'ombe hawajatoka. Biblia nimeiacha nyumbani. Nikampa shikamoo, nikapiga magoti kwenye samadi, nikamwambia nilimkosea, anisamehe. Wanawe wakatazamana. Yeye aliendelea kumfunga ndama. Kisha akasema tu, "Mwalimu, nimesikia."

Nilitegemea machozi, yake au yangu. Hayakuja. Lakini njiani nimeomba. Maneno machache, makavu. Bwana, nipo.

Jumapili, 14 Agosti
Ana na mimi tu, kanisani. Nimehubiri kidogo, na safari hii nilisikiliza ninachosema.

Jioni Katabaro akaja mwenyewe, kashika kibuyu cha maziwa. Alikataa kuketi. Akauliza, "Leo mmekula nini?"

Nikamjibu, ndizi na chumvi.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mzee."

Akamtazama Ana. Ana akasema ni kweli. Ndipo akampa kibuyu. Akaniambia nikirudishe mwenyewe kesho, nisimtume mtu. Nikaitika. Habari za wapagazi sikumwambia.

Tumekunywa yote. Mtu huyu amenikabidhi tena uhai wa ng'ombe wake.

Jumatatu, 15 Agosti
Wapagazi wamefika saa nne. Nimewapa ndizi za kuchoma na barua kwa Mchungaji: naomba tubaki. Wamerudi bila mzigo, wakipiga mluzi. Ana alikuwa amekwisha kufungua vyungu kabla sijamwambia.

Kibuyu hatukukiosha kwa maji. Wenyewe hukifukiza kwa moshi wa nyasi. Nimekipeleka. Nimeketi na Katabaro, tukatazama ng'ombe wakishuka kunywa maji. Hakuuliza habari za Mungu, nami sikumlazimisha. Aliniambia majina ya ng'ombe wake. Nimeyakumbuka matano.

Hajabatizwa mtu. Naona naweza kungoja.