Nimepata Nafasi

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na sikio lako la kushoto halijambo? Shangazi je, magoti yanamruhusu kushuka ngazi? Mimi ni mzima wa afya, ila situlii. Tangu tuhitimu nimekuwa mtu wa kuamka, kufungua simu, kufunga simu na kuzunguka chumba. Wenzangu ninaokaa nao wameshanipa jina jipya, wananiita Feni.

Basi sikiliza. Yale maombi niliyopeleka Desemba, ya kazi na ya shahada ya pili, mengi hayakujibiwa hata kwa tusi. Lakini leo nimejibiwa: nimepata nafasi chuoni! Naanza Jumatatu. Ningekupigia nikueleze vizuri, ila najua kwenye simu utasikia nusu na nusu nyingine utajitungia. Dereva wa gari la vifurushi atakayekuletea barua hii anapiga honi hapa nje, nitaandika zaidi nikitulia.

Mwanao,
Sindano


12 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, tena marahaba mia. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linafanya kazi ya mawili. Shangazi yako hajambo. Habari yako imemshusha ngazi bila mtu wa kumshika mkono.

Shahada ya pili! Barua yako niliisoma nimesimama, mkasi mkononi, mwenye suruali akinisubiri. Nikamsomea na yeye. Naye akamwambia fundi saa wa duka la pili, na fundi saa hajawahi kuficha kitu tangu azaliwe. Sasa mtaa mzima unajua. Mwalimu mkuu alikuja kushona shati akaniita "baba wa msomi," nikajikuta nimemwekea na mfuko wa kalamu ambao hakuuomba.

Sasa nina jambo langu. Ile picha yako ya mahafali iko ukutani mbele ya cherehani, na kila nikiitazama damu inanichemka. Lile joho la kukodi! Mikono imekumeza hadi vidole, mabega yameanguka, pindo limekwenda upande. Binti wa fundi anahitimu amevaa pazia! Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Safari hii joho nitakushonea mwenyewe. Kuna kitambaa cheusi cha sufu nilichokificha kabatini tangu hujaanza shule, nikingoja siku ya maana. Vipimo vyako ninavyo daftarini.

Najua utaniambia ni mapema. Mimi nashona polepole, niache.

Baba yako,
Fundi


2 Machi
(Barua hii haikutumwa siku hiyo.)

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Umenielewa vibaya, na kosa ni langu kwa kuandika mbiombio. Nafasi niliyopata si ya masomo. Ni ya kazi, tena ya miezi minne tu. Shahada ya pili walinikataa.

Tuko watu sita kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Kila mmoja ana simu, vifaa vya masikioni na orodha ya majina. Chuo kinataka kujua wahitimu wa mwaka jana wako wapi. Nampigia mtu, namsomea maswali kumi, halafu naweka alama: anafanya kazi, anasoma, anatafuta, hapatikani. Hao ni wenzangu, baba. Aliyekuwa akitufundisha sisi wenzake hesabu za umeme anauza makava ya simu, na maswali yote kumi aliyajibu huku akimhudumia mteja. Mwingine aliniambia kwa sauti nzito kuwa yuko ofisini, mara jogoo akawika nyuma yake. Tukacheka wote wawili mpaka yeye akalia. Kuna msichana yuko maabara, anapima maji, na anaipenda kazi yake hata nikamwonea wivu. Wanaosoma, wengi wao wananiambia wanasoma ili wasikae nyumbani kuulizwa wanafanya nini.

Swali la kumi ndilo nilipendalo: "Una lolote la kuongeza?" Hapo wengi hukata simu. Wachache huongeza, na hao hawamalizi leo.

Mimi mwenyewe nimo kwenye orodha, namba 212. Kila asubuhi naipita nikijitia sijaiona. Na tukiwamaliza watu tumejimaliza wenyewe, maana mkataba wetu unaisha pamoja na orodha. Ndiyo maana situlii. Napiga simu nimesimama, nazunguka meza hadi waya unanirudisha.

Sasa nikuambieje, na barua umeshawasomea mtaa mzima?


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na shangazi pia. Mimi ni mzima. Nashukuru sana kwa habari ya joho. Hapa chuoni shughuli ni nyingi, naingia saa mbili natoka saa kumi na moja, ndiyo maana barua ni fupi. Usijichoshe na kushona.

Mwanao,
Sindano


20 Machi

Sindano,

Marahaba. Sisi tu wazima. Barua yako ni fupi hata shangazi yako aliigeuza kutafuta upande wa pili.

Joho limefika mabegani. Mikono ni mipana kama inavyotakiwa, lakini vidole vyako vitaonekana, na cheti utakishika bila kukipapasa. Nimelitundika mbele ya duka ili kitambaa kinyooke. Nani namdanganya? Nimelitundika lionekane. Watu wanasimama. Jana mama mmoja alimleta binti yake, akalishika pindo akamwambia, "Umeona? Soma!" Nami nikakohoa tu, nikaendelea kushona, lakini moyo ulikuwa unacheza ngoma.

Hebu nambie, unasomea nini hasa? Nimeulizwa mara tatu, na mara zote nimejibu "mambo makubwa." Naona wameanza kunitilia shaka.

Baba yako,
Fundi


17 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umekaa. Kama umesimama, kaa kwanza.

Jana asubuhi ulipigiwa simu na kijana kutoka chuoni. Yule kijana anakaa meza ya pili kutoka kwangu, namwita Jirani. Kazi yetu sisi ni kuwapigia waliohitimu mwaka jana kuwauliza wako wapi. Mimi nimo kwenye orodha, na jina langu nilikuwa naliruka. Mratibu wetu aligundua, akawagawia wengine majina niliyoyaacha, nami nikaangukia kwa Jirani. Yeye ananijua kwa Feni tu, maana jina hilo limenifuata hadi kazini, na la vyeti hajawahi kuniuliza. Na simu iliyoandikwa pale ni ya dukani kwako, maana nilipojaza fomu ya kuhitimu, simu yangu ilikuwa imeanguka kwenye ndoo.

Nikamsikia anapaza sauti: "Mzee, nauliza, binti yako anasoma au anafanya kazi?" Mara ya tatu ndipo ulipojibu. Unajua mwenyewe unavyojibu simu. Jirani alivua vifaa masikioni, na chumba kizima kikakusikia: "ANASOMA! SHAHADA YA PILI! HAPO HAPO KWENU! NAMSHONEA JOHO!"

Nilikujua kabla sijayashika maneno. Watu walicheka, baba, na mimi nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Jirani akaweka alama kwenye "anasoma." Nikatoka, nikazunguka jengo mara mbili, nikarudi nikamwambia 212 ni mimi. Akasema jibu linaweza kusahihishwa hadi mwisho wa Mei, ila na yule yule aliyelitoa.

Sisomi, baba. Nilipokuandikia kwamba nimepata nafasi, ilikuwa nafasi ya kazi, hii ya kupiga simu. Uliposema shahada ya pili ningeweza kukusahihisha siku ile ile. Nilikuandikia, nikashindwa kutuma, na barua yenyewe naiweka humu. Kila ulipotaja joho nilizidi kunywea. Nisamehe.

Mwanao,
Sindano


8 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Shangazi hajambo? Wiki ya tatu hii. Gari la vifurushi limekuja mara nne, na mara nne nimelikimbilia. Dereva sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kwenye orodha wamebaki watu thelathini na mmoja. Mratibu anasema huenda akahitaji mtu mmoja wa kubaki kuandika ripoti, nimeomba. Shahada ya pili nimeomba tena. Nimeomba na kazi mbili nyingine, moja hata sikuielewa ni kazi gani. Usingizi wangu ni wa vipande vipande, na chakula nakila nimesimama. Nimewauliza watu mia mbili na zaidi wako wapi na wote wamenijibu, ila wewe, ambaye najua uko wapi, hujibu.

Nikaripie, baba. Hata mstari mmoja.

Mwanao,
Sindano


24 Mei

Sindano,

Marahaba, na zile zote ulizonisalimu nisiitike. Afya yangu ni njema. Hasira yangu nayo ilikuwa na afya njema, imeanza kudhoofu wiki hii.

Nilikasirika sana. Shahada si hoja, mimi mwenyewe sina hata moja na cherehani haijawahi kuniuliza. Niliumia kwamba uliniacha nivimbe kichwa mbele za watu na wewe unatazama. Joho nililishusha siku ile ile. Fundi saa akauliza limekwenda wapi, nikamwambia limeliwa na nondo. Hakuamini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwambia mtu.

Mwishowe shangazi yako alinishukia. "Barua ya kwanza iko wapi?" Akaisoma kwa sauti mara mbili, "nimepata nafasi chuoni," akaniuliza shahada ya pili imeandikwa wapi hapo. Nilitafuta na miwani, nikatafuta bila miwani. Haimo. Nusu nyingine nilijitungia, kama ulivyosema, tena safari hii bila hata simu. Basi kosa la Machi ni lako, la Februari ni langu.

Joho nimelifumua. Ilinichukua siku mbili, maana nilikuwa nimelishona kweli kweli. Kwenye kifurushi hiki utakuta koti la kazini, la sufu ile ile. Vidole vinaonekana. Mabega nimeyakata kwa vipimo vya daftari, lakini sijakuona tangu mahafali, na hayo ya kula umesimama yamenitia wasiwasi. Kwa hiyo nimeacha nafasi ndani ya mshono, vidole viwili kila upande. Ukinenepa, fundi yeyote atalipanua. Ukikonda, usimpe fundi yeyote alipunguze.

Mtaani nimesema ukweli. Yule mama wa "umeona? soma!" aliniuliza unafanya nini sasa, nikamwambia. Akauliza kama orodha yenu ina mpwa wake, kwa sababu tangu ahitimu hakuna anayempigia.

Jumanne nilifunga duka, nikaweka simu sikio la kulia, nikaipiga ile namba iliyonipigia Aprili. Nikampata Jirani wako. Nikamwambia nimepiga kusahihisha jibu langu, futa "anasoma." Akauliza aandike nini. Nikasema, "anafanya kazi." Akauliza kazi gani. Nikamwambia ainuke atazame mezani kwako, kisha aniambie mwenyewe. Nikasikia kiti chake kikiburuzwa. Akasema, "Yuko kwenye simu, mzee. Kuna mtu anamweleza mambo yake, naye anamsikiliza." Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Kisha akanisomea lile swali la kumi, kama nina lolote la kuongeza. Mimi si wa kukata simu. Nikamwambia aandike kwamba vipimo vya 212 ni vya zamani, na kwamba orodha ikiisha, kazi iwepo isiwepo, wamkubali huko au wasimkubali, aje nyumbani apimwe upya. Akasema nafasi ya kuandikia ni ndogo, hayataenea yote. Nikamwambia apunguze mengine, ila "aje nyumbani" asiiguse.

Baba yako,
Fundi